Jina la Mkwe Kwenye Disketi

Shinyanga, Jumapili, 9 Novemba 1997

Mvua imenyesha tangu alfajiri na Baba ameamua jambo. Tulikuwa tunakunywa chai dukani, mlango mmoja wazi na mwingine tumeufunga kwa sababu ya marasharasha, akasema huku akipuliza kikombe: "Mehju, mvua zikiisha tunahamia Dar kwa baba yako mdogo." Nikasema sawa. Humu ndani nilijifunza kutembea kwa kushika majora ya vitambaa, na pale kwenye kona, chini ya kalenda, ndipo Mama alipokuwa akinisuka nywele huku akimpimia mteja mita tatu za kaniki.

Ndiyo maana nimeanza shajara hii. Mtu akijua anaondoka, hata harufu ya mafuta ya taa na nguo mpya huanza kuisikia upya.

Kabla ya kuhama kuna kazi moja: kaseti. Zamani, msimu wa pamba, Baba alikuwa akienda kijijini Didia kununua pamba, na pikapu na redio yake ya kaseti, anamrekodi Mzee Ng'wagi na kundi lake la bugobogobo wakilima na kuimba. Nilikuwa nakaa nyuma juu ya magunia matupu na Mama mbele na thamosi. Mzee Ng'wagi ndiye aliyekuwa kiongozi, anaimba mbele ya mstari wa wakulima, na majembe yote yanashuka kwa pamoja. Tangu Mama afariki Baba hajazisikiliza kaseti hizo. Mwaka jana alizifunga kwenye boksi la sabuni akazipeleka kwa Mwalimu Bernadina, mkwe wa Mzee, mke wa mwanawe, anayefundisha Ushirombo. Huyo anazisikiliza na kuandika maneno kwenye kompyuta aliyoiacha padri mmoja Mzungu pale parokiani. Mimi huku nakusanya, nachapa, naenda Didia kumsomea Mzee. Siku moja kiwe kitabu.

Ijumaa, 14 Novemba

Sunil wa jirani, kijana wa Madhuben, aliyesoma kompyuta Nairobi, amekuja kutuwekea programu ya kutunza matoleo kwenye kompyuta yetu ya dukani. Nilimwambia aieleze kama anamweleza mama yake. Akasema: "Kila wimbo ni faili. Ukibadilisha neno, programu inahifadhi la zamani na jipya, na inaandika nani kabadilisha. Ukikosea unarudi nyuma. Hakuna kitu kinachopotea." Mwalimu anafanya kazi kwake, ananitumia disketi kwa basi au kwa lori linalopita Kahama na Isaka, mimi naziingiza, programu inapatanisha ya kwake na ya kwangu.

"Sharti moja tu," Sunil akasema. "Faili lile lile liwe na jina lile lile kwako na kwake. Programu haina akili ya kujua kwamba Juma ni yule yule Baba Asha."

Tukacheka. Kila faili nimelipa jina la mwenye wimbo na kazi yenyewe: Ng'wagi palizi, Ng'wagi mavuno, na kadhalika.

Jumamosi, 22 Novemba

Mvua. Wateja hakuna. Baba amelala kwenye kiti.

Jumatano, 3 Desemba

Disketi ya kwanza kutoka Ushirombo imefika, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mfuko mwingine ndani ya gazeti. Nikaifungua kwa hamu, nikakuta kituko. Badala ya Ng'wagi kuna NgÕwagi. O kubwa yenye kiwimbi kichwani, kama imejitwika ngata. Na programu, kwa utiifu wake wa kijinga, imekubali kwamba huyu ni mtu mwingine kabisa. Sasa nina wimbo wa palizi mara mbili, wa kwangu na wa huyu mgeni.

Sunil akaja na baiskeli, amelowa chapachapa. Akasema kompyuta haijui herufi, inajua namba tu. Ile alama ya juu katika ng', Mwalimu anaiandika ile ya kupinda, nzuri, kama alivyofundishwa na padri. Mashine yake inaihifadhi kama namba fulani. Namba hiyo hiyo kwenye mashine yetu ni O ya kiwimbi.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu waliozitengeneza hawajakubaliana, Mehju. Kuna watu huko duniani wanakaa vikao wawe na orodha moja ya herufi zote. Lakini programu zetu hizi bado hazijapata habari."

Nimebadilisha majina kwa mkono, moja moja, kisha nikaandika barua fupi: Mwalimu, tafadhali usitumie alama ya kupinda. Nadhani haikuwa barua yenye adabu sana.

Jumapili, 14 Desemba

Didia na Baba. Barabara ni tope tupu, pikapu imekwama mara kadhaa na vijana wametusukuma wakiimba. Mzee Ng'wagi alikuwa amekaa chini ya kipenu cha nyumba yake, shuka mabegani.

"Mwangaluka, Badulu!" Hajawahi kuweza kusema Badrudin na Baba hajawahi kutaka aweze.

"Mwangaluka, Mzee."

Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti niliyodhani ni ya mtu mwingine. Imekwaruza, imepungua, kama redio ambayo betri zake zinaisha. Ile sauti iliyokuwa ikivuka shamba zima na kurudi! Kwenye koo kuna uvimbe. Wameamua kumpeleka hospitali Ushirombo, atakaa kwa mwanawe.

Nilimsomea wimbo wa palizi. Kisukuma changu ni cha dukani, najua bei, rangi na "wabeja", yaani asante, kwa hiyo nasoma kama kasuku, na yeye anacheka kimya kimya. Penye nukta nyingi nikasimama. Mwalimu ameweka nukta kila mahali ambapo majembe yamefunika maneno kwenye kaseti. Mapengo ni mengi.

"Mapengo hayo ninayo mimi," Mzee akasema, akajigusa kifuani. "Nikiwa kwa mwanangu nitamwambia mkamwana ayaandike yote. Upesi, kabla hii haijafunga." Akajigusa kooni. "Kisha wewe, Binti Badulu, uje unisomee hapa hapa. Mzima mzima, bila kusimama. Nikisikia hivyo, basi."



Alhamisi, 1 Januari 1998

Ramadhani. Mvua. Reli imekatika huko mbele kwenye njia ya Dar, sukari hakuna.

Jumanne, 13 Januari

Disketi imekuja na lori la Isaka. Nilitegemea mapengo yaliyozibwa. Nimekuta mafaili ambayo sikuyaomba: babu generoza palizi, babu generoza mavuno, babu generoza mvua. Alama ya kupinda hamna, O ya kiwimbi hamna, sifa njema ni zake. Lakini huyu babu Generoza ni nani? Bila shaka kuna mzee mwingine huko Ushirombo, na Mwalimu ameona heri akusanye na za kwao maadamu mashine anayo. Nilifungua moja, Kisukuma kimejaa toka juu hadi chini, jina hamna. Nimeziweka kwenye kasha lake pembeni, humo humo ndani ya mashine.

Faili za Mzee Ng'wagi hazikuguswa hata neno.

Jumatatu, 26 Januari

Disketi nyingine. Babu Generoza anazidi kuzaa.

Alhamisi, 5 Februari

Leo nimekwenda parokiani hapa mjini kuomba redio ya upepo, kwa kuwa Ushirombo simu hakuna. Ubaya wa redio ile ni kwamba misheni zote zinasikia, kuanzia Kahama hadi Geita. Sista anayeishika redio alinipa kipaza sauti, nikabonyeza.

"Mwalimu Bernadina, habari za huko. Nyimbo za Mzee Ng'wagi ziko wapi? Ova."

Mkoromo. Kisha sauti ya mwanamke, ya chini: "Nimeshatuma, dada. Zote. Ova."

"Sijaziona. Nimeona za mtu mwingine. Za Mzee Ng'wagi je? Ova."

"Ndizo hizo. Za... za mzee. Ova."

"Mzee yupi? Taja jina, Mwalimu. Ova."

Mkoromo tena. Mahali fulani mtu mwingine kabisa akacheka hewani. Nikarudia, taja jina. Akasema, "Zimo kwenye disketi, dada, angalia vizuri," na redio ikakata, au ameikata yeye.

Nimerudi dukani nimevimba. Mwalimu mzima, unaulizwa swali jepesi unajiumauma kama mwanafunzi ambaye hajafanya zoezi! Hajaziandika, ndiyo maana. Anaona aibu.

Jumamosi, 14 Februari

Nimepanga rafu ya juu kwa ajili ya kuhama. Nimekuta kofia ya Mama ya jua, ile ya ukindu aliyokuwa akivaa Didia. Nimeirudisha pale pale.

Jumapili, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mzee amerudishwa Didia wiki iliyopita. Hospitali wamesema hakuna tena la kufanya, wampumzishe nyumbani. Sauti imefunga kabisa. Tulimkuta chini ya kipenu kile kile, kakonda, macho tu ndiyo ya zamani. Aliponiona na karatasi akasogeza kigoda chake akakaa sawasawa, kama mtu anayesubiri chakula kilichoiva. Wanawe walikuwapo, na majirani, na wazee wawili wa kundi lake la bugobogobo. Kumbe walikuwa wameitwa.

Nikaanza wimbo wa palizi. Nilisoma mpaka kwenye nukta za kwanza, nikasimama.

Mzee akagonga kigoda kwa vidole. Endelea.

Nikaruka nukta, nikasoma mstari unaofuata, nikafika kwenye nukta nyingine. Akagonga tena, kwa nguvu. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akaangalia karatasi mkononi mwangu, akaniangalia usoni, kisha akageuka akatazama shamba. Hakugeuka tena.

Mmoja wa wazee akamwuliza Baba kwa Kisukuma, na Baba hakutaka kunitafsiria, lakini nikamlazimisha. Ameuliza: "Huko Ushirombo alikuwa anaongea na nani, na ukuta?"

Sauti yake ya mwisho ameitumia kuziba mapengo, na mapengo haya hapa.

Jumatatu, 9 Machi

Nimekwenda kwenye redio ya upepo mapema, na hasira za jana hazijapoa. Nimesema, na ninaandika nilivyosema: "Mwalimu, mkweo amemaliza sauti yake kwako na wewe umeipoteza. Ova." Misheni zote zimesikia. Kutoka Ushirombo ulikuja mkoromo, halafu, mbali kidogo na kipaza sauti, mtu akilia.

Sista akanipokonya kipaza sauti polepole. "Inatosha, Mehjabin," akasema.

Jumanne, 10 Machi

Leo wakati wa chakula cha mchana Baba kaniuliza mbona sili. Nikamweleza yote, hadi babu Generoza. Akaanza kucheka. Kisha akaacha.

"Unamwambia ataje jina la mkwewe? Hewani?"

"Kwani kuna nini?"

"Mehju. Umezaliwa Shinyanga wewe." Akaweka kijiko chini. "Mkamwana hatamki jina la baba mkwe. Kufa na kupona. Akitaka kumtaja atasema babu wa fulani, kwa jina la mtoto wake. Kama jina la mkwe linafanana na jina la kitu, hata hicho kitu atakitafutia jina lingine."

Hilo nalijua. Nani asiyelijua? Nimesikia wateja wakizungukazunguka majina hapa dukani tangu utotoni, nikicheka chini ya meza. Lakini nilidhani mwiko ni wa mdomo. Sikufikiri kwamba na vidole vinaona haya.

"Mtoto wake anaitwa nani?" nikauliza, ingawa jibu nilikuwa nalo tayari.

"Generoza. Nilimpelekea kanga siku ya ubatizo."

Tukaacha chakula mezani. Nikafungua kasha lile la pembeni, nikafungua babu generoza palizi, na Baba, ambaye Kisukuma chake ni cha pamba na mashamba, akavaa miwani akaanza kusoma kwa sauti. Hakukuwa na nukta. Kila pengo limezibwa. Baba alisoma akianza kutikisa mguu bila kujijua, kwa mapigo ya majembe, na mimi nikaona tena mstari wa migongo na vumbi na mikono ikipanda kwa pamoja.

Katikati akanyamaza. Nikadhani amepotea mstari.

Ndani ya wimbo, kwenye mabano, kwa Kiswahili, Mwalimu ameandika: (Hapa mke wa Badulu anasikika akisema, Chai inapoa jamani, mwacheni mzee apumzike. Anacheka. Babu amesema huyu naye aandikwe, alikuwa sehemu ya wimbo.)

Baba akavua miwani. Akasema, "Alisema hivyo kweli. Siku ile ile." Akatoka nje akasimama barazani kwenye mvua, na mimi nikabaki na maneno ya Mama kwenye kioo, meupe juu ya bluu. Nililia, sifichi. Sauti yake nilikuwa nimeshaanza kuisahau, ila ile "jamani" niliisikia wazi kabisa.

Jumatano, 11 Machi

Redio ya upepo, mbele ya Sista yule yule. Nimesema: "Mwalimu, nyimbo nimeziona, zote zimekamilika, kosa ni langu, nisamehe. Ova." Kwa sauti kubwa, ili wote waliosikia juzi wasikie na leo.

Akajibu: "Asante, dada. Babu Generoza hajambo? Ova."

"Amelala tu. Ova."

Jumapili, 22 Machi

Barabara ya Didia haipitiki hata kwa miguu. Nimetuma ujumbe kwamba nyimbo zipo. Sijui kama umefika.

Jumatatu, 13 Aprili. Jumatatu ya Pasaka

Jana Mwalimu Bernadina alifika Didia kwa sikukuu, leo kaja dukani kabla ya kupanda basi. Nilikuwa nimemjenga kichwani mtu mrefu, mkaidi. Kumbe ni mwanamke mfupi, mwenye mwanya, anacheka haraka kuliko mimi. Tulikumbatiana juu ya kaunta.

Amenisimulia walivyofanya kazi. Mkwe na mkamwana hawakai chumba kimoja wakitazamana. Mzee alikuwa akikaa barazani, mgongo ukutani, yeye ndani kwenye mashine, na dirisha katikati. Amebeba kompyuta ya parokia kwa mkokoteni hadi nyumbani kwake kwa ajili hiyo! Mzee anasema mstari, yeye anauandika, anausoma kwa sauti kupitia dirishani, Mzee anagonga ukuta: sawa. Kila siku sauti inapungua, na yeye anasogeza meza karibu zaidi na dirisha. "Mwisho nilikuwa nimeegemeza sikio kwenye nondo za dirisha, dada. Lakini sikumwona uso hata siku moja."

"Mbona hukuniambia tu kwamba jina huwezi kuliandika?"

"Ningekuambiaje bila kulitaja?" Akacheka, nikacheka. "Ile disketi ya kwanza nilijikaza nikaandika kwa sababu wewe ulishalianzisha. Nilikuwa nafumba macho. Ukaleta barua kwamba nimeliandika vibaya. Nikasema, basi, huyu mzee mwenyewe anakataa."

Nikamwita Sunil. Tukakaa watatu kuzunguka mashine na sahani ya kachori za Madhuben, tukaunda sheria yetu wenyewe ya majina, bila kungoja vikao vya dunia. Herufi ndogo tupu, a mpaka z. Alama hakuna. Jina la mtu hakuna. Namba ya wimbo, kisha kazi yake: 07 palizi, 12 mavuno. Jina la mwenyewe litakaa ndani, kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu, mahali ambapo kwa mashine ni maandishi tu na haipagusi.

Baba akanung'unika kutoka kwenye kiti chake. "Mzee kama yule mnampa namba kama mfungwa?"

"Baba," Mwalimu akasema, "namba sina haya nayo. Tangu niolewe sijawahi kuomba wimbo wa mzee kwa jina lake. Sasa naweza kusema hata mbele yake, tuimbiwe wa saba."

Sunil amebadilisha majina yote na kuunganisha historia, ya kwangu, ya O ya kiwimbi na ya babu Generoza, zikawa mto mmoja.

Jumamosi, 25 Aprili

Jua! Jua la kutwa nzima. Nimeanika magodoro.

Jumapili, 3 Mei

Didia. Barabara imekauka, ina makorongo. Mwalimu amerudi tangu juzi kwa sababu Mzee hawezi tena kula vizuri. Wamemtoa nje na kitanda chake cha kamba.

Alikuwa anatazama shamba nilipofika, na sikuwa na hakika kama atageuka. Watu wamekuja wachache kuliko siku ile. Wale wazee wawili wamekuja.

Nikasema shikamoo. Akanyanyua vidole. Kisha, kutoka ndani ya nyumba, nyuma ya pazia la mlango, sauti ya Mwalimu ikasema, wazi, kila mtu akisikia: "Dada Mehjabin, anza na wa saba."

Mzee akageuza kichwa. Akautazama mlango. Nadhani hajawahi kumsikia mkamwana wake akiomba wimbo.

Nikasoma wa saba. Kisukuma changu hakijatengemaa, lakini nilifika kwenye pengo la kwanza nikavuka, la pili nikavuka. Mzee akafumba macho, mkono ukaanza kugonga mbao ya kitanda. Wale wazee wakaingia kwenye kiitikio, mmoja kisha mwingine, wakikohoa kati ya mistari, halafu wanawe, halafu Baba yangu mimi, Badrudin wa duka la vitambaa, na sauti yake mbaya. Kwenye maneno ya Mama sikusimama. Niliyasoma kama sehemu ya wimbo, chai inapoa jamani, na Mzee akafungua macho akamtazama Baba na akacheka bila sauti, mabega yote yakitikisika.

Tulisoma hadi jua likawa nyuma ya nyumba. Nilipomaliza alinishika mkono. Midomo yake ikasema wabeja.

Jumamosi, 23 Mei

Mzee Ng'wagi amefariki jana Didia. Mungu amrehemu. Duka limefungwa.

Jumanne, 9 Juni

Pamba inaanza kuingia mjini. Malori yamejaa, nyuzi nyeupe zimenasa kwenye miiba njia nzima, kama kila mwaka. Mwaka huu Baba hanunui.

Jumapili, 21 Juni

Rafu ni tupu. Sikujua ukuta wa nyuma una rangi ya kijani, maana sijawahi kuuona. Mizigo imetangulia Isaka kungoja behewa, sisi tunaondoka kesho. Kompyuta tunaiacha kwa Mwalimu, atakuwa na mbili, na Sunil atamsaidia kupeleka kitabu kwa mchapaji Mwanza.

Mwalimu alikuja mchana, amevaa nguo nyeusi ya msiba. Tukapitia nyimbo zote mara ya mwisho. Kila wimbo unaufungua, unaiuliza programu nani kaandika mstari huu, inajibu: bernadina. Huu je? Bernadina. Nimekaa na mashine hii msimu mzima, nimegombana nayo, nimelia mbele yake, na hakuna hata neno moja humo la kwangu. Nilimtania kwamba historia imenisahau.

Hakucheka. Akafungua ukurasa wa kwanza wa kitabu. Ulikuwa mweupe, una maneno mawili tu: Nyimbo za. Baada ya hapo kishale kinawakawaka.

"Hapa nimefika mwisho," akasema. "Hata sasa amelala, siwezi. Na sitaki aandikwe babu Generoza kwenye kitabu chake mwenyewe." Akainuka kwenye kiti akanipisha. "Wewe ni mtoto wa rafiki yake. Wewe unaruhusiwa."

Nikakaa. Akageukia upande wa barabara, asitazame. Nikaandika Mzee Ng'wagi, pamoja na alama yake, ya kupinda, nzuri. Nikahifadhi. Programu ikauliza nimebadilisha nini, nikaandika: jina. Kisha ikaongeza mstari mmoja chini ya mistari yote ya Mwalimu. Mehjabin, Shinyanga, tarehe ya leo.